Mesoni nyepesi: modeli isiposema inaishia wapi, usiiamini haraka

Chukua pioni na ro. Zote mbili ni mesoni, chembe ndogo kuliko atomu, zote zimeundwa na kwaki moja (aina ya chembe zinazounda pia protoni) na antikwaki moja (pacha wake wa antimata), tena kwaki zile zile za aina ya u na d, tofauti kubwa ni spini tu, yaani mzunguko wa ndani wa kila kwaki: kwenye pioni spini zinapingana, kwenye ro zinaelekea upande mmoja. Mtu angetegemea uzito wao ukaribiane. Sasa cheki namba, pioni yenye chaji ina MeV 139.6 (MeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa uzito wa chembe) na ro ina MeV 775, zaidi ya mara tano, na hizo kwaki zenyewe u ina kama MeV 2 na d kama MeV 5, yaani ukijumlisha mzigo wa ndani ya pioni hufiki hata MeV 10. Kwa hiyo kuna maswali mawili na yanavuta pande tofauti: kwa nini ro ni nzito hivyo wakati kwaki zake ni nyepesi, na kwa nini pioni ni nyepesi hivyo wakati ndugu yake ni mzito?

Haya maswali yamezaa modeli nyingi sana. Shida ninayoiona, na ndo sababu ya makala hii, ni kwamba modeli za mesoni mara nyingi zinasifiwa kwa jinsi zinavyolingana na data, unaona jedwali, safu hii vipimo, safu ile modeli, namba zinakaribiana, basi imepita. Mimi nasema hicho kipimo ni dhaifu. Modeli yenye parameta tano, yaani namba tano za kurekebisha, itapatana na namba kumi bila shida kubwa. Cha kuuliza ni hiki: modeli inajua itaanza kukosea wapi, na itakosea kwa kiasi gani? Ikishindwa kujibu hapo, ule ulinganifu na data hauna uzito wanaoupa.

Kwanza tuelewane kwa nini tunahitaji modeli kabisa wakati nadharia kamili ipo. Nadharia ya kwaki na gluoni (chembe zinazobeba kani kati ya kwaki), QCD, ipo toka 1973, mwaka ambao Gross na Wilczek upande mmoja na Politzer upande wa pili walionyesha kwamba kani kali, ile inayozifunga kwaki, inapungua nguvu nishati inapopanda, na 2004 wakapewa Nobel. Sasa upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo ni kwamba nishati ikishuka kani inapanda, na mesoni nyepesi zinaishi huko huko chini ambako ile mbinu ya kuanza na jibu rahisi halafu unaongeza marekebisho madogo madogo haishiki, maana marekebisho yenyewe si madogo. Unaweza kuweka QCD kwenye gridi ya nafasi na wakati ukaisukuma kwenye kompyuta kubwa, wazo la Wilson la 1974, na siku hizi njia hiyo inatoa namba nzuri kweli, ila kompyuta inakupa namba, haikupi moja kwa moja sababu. Ndo maana watu wanatengeneza modeli efektivu, zile ambazo haziangaiki na kila kitu toka chini kabisa, zinachukua chembe zinazoonekana kwenye nishati hiyo, pioni na mesoni wenzake kaoni na eta, na kuandika kanuni za jinsi zinavyogusana. Nahodha wa jahazi anajua upepo wa kusi na maji kujaa na kupwa bila kujua chochote kuhusu molekuli za maji, na anafika, lakini nahodha wa kweli anajua pia miamba inaanzia wapi.

Kwenye swali la pioni aliyefungua mlango ni Yoichiro Nambu. Mwaka 1961, pamoja na Giovanni Jona-Lasinio, alichukua wazo kutoka kwenye metali zinazopitisha umeme bila upinzani akalipeleka kwenye chembe: kama kwaki hazina uzito (enzi hizo waliongelea protoni na nyutroni, kwaki zilikuwa hazijaja), basi zile zinazozunguka kushoto na zile zinazozunguka kulia hazijuani, hiyo ndo simetria ya kairali, lakini utupu wenyewe, yaani hali ya chini kabisa ya nishati, unaivunja simetria hiyo kwa kujaa jozi za kwaki na antikwaki. Matokeo yanakuwa mawili kwa mpigo: kwaki zinajipatia uzito mkubwa, kama MeV 300 na kitu kila moja, na lazima itokee chembe isiyo na uzito kabisa. Hiyo chembe ndo pioni. Na kwa kuwa kwaki halisi zina uzito kidogo, pioni nayo inapata kidogo. Maswali yote mawili yamejibiwa na kitu kimoja. Nambu alipewa Nobel 2008 na kwa maoni yangu hilo ni kati ya mawazo mazuri kabisa ya karne ile, naliweka juu pamoja na kwaki zenyewe.

Mwaka 1968 Gell-Mann, Oakes na Renner waliliweka wazo hilo kwenye hesabu: mraba wa uzito wa pioni unakwenda sambamba na uzito wa kwaki. Mraba, sio uzito wenyewe, na hapo ndo uzuri ulipo kwa sababu unaweza kuijaribu mwenyewe sasa hivi. Kaoni ina kama MeV 495, pioni kama 138 ukichukua wastani, gawanya, weka mraba, unapata karibu 12.9, na kwa kuwa kaoni ina kwaki ya s, aina nyingine ya kwaki, pamoja na moja nyepesi, hesabu inakwambia s ni nzito kuliko wastani wa u na d kwa karibu mara 25. Kompyuta za gridi leo zinasema kama 27. Kalamu na karatasi, na umekosea chini ya asilimia 10.

Sasa hapa njia zinagawanyika.

Kuna modeli za picha. NJL yenyewe, jina linatokana na Nambu na Jona-Lasinio, ilivyofufuliwa baadaye kwa kutumia kwaki, iko kundi hili. Ina parameta chache tu, nguvu ya mgusano, uzito wa kwaki, na kikomo cha nishati ambacho kwa kawaida kinawekwa kama MeV 600 na kitu, unazipanga zikupe pioni sahihi halafu unaanza kutabiri vingine. Kwa pioni na kaoni inafanya vizuri. Lakini modeli hii haina kifungo, yaani hakuna kinachozuia kwaki kutoka nje peke yake, na kwa kuwa kila kwaki humo ina MeV 300 na kidogo, mesoni yoyote inayozidi jumla ya mbili inaruhusiwa na hesabu kuvunjika kuwa kwaki huru, kitu ambacho duniani hakijawahi kuonekana. Ro ya MeV 775 imeshaingia eneo hilo. Eta prima, ndugu mzito wa eta, ya MeV 958 ndo kabisa. Na bado unakutana na hesabu za upana wa chembe hizo (upana ni kipimo cha chembe inaoza haraka kiasi gani) kwa NJL ya kawaida, sehemu inayotokana na kwaki huru imefichwa au imekatwa kwa mkono, matokeo yanaletwa na desimali mbili. Hilo linanisumbua sana. Hapo modeli imeshapita mwisho wake, na kilichoirudisha ni mkono wa mwandishi.

Modeli nyingine ya picha ni ile ya Sakurai ya 1960, kwamba fotoni, chembe ya mwanga, inapokutana na pioni inajigeuza kwanza kuwa ro. Nusu ya watu wanaichukulia kama historia, mimi naiheshimu, maana ina utabiri mgumu usio na pa kujificha: ukubwa wa pioni unatokana na uzito wa ro peke yake. Piga hesabu unapata nusu kipenyo cha femtomita 0.62, na kipimo ni kama 0.66. Hakuna parameta uliyoirekebisha hapo, ni uzito wa ro tu basi.

Halafu kuna njia ya pili ambayo Weinberg aliipa msingi 1979, na Gasser na Leutwyler wakaijenga kwenye makala zao za 1984 na 1985. Inaitwa nadharia ya patabesheni ya kairali, kwa kifupi ChPT. Yenyewe haichori picha yoyote ya ndani ya pioni. Inasema hivi: andika kila kitu ambacho simetria inaruhusu, ukipange kwa mafungu kulingana na nishati, fungu la kwanza, la pili, la tatu, na kila fungu litakuwa dogo kuliko lililotangulia kwa kiasi unachoweza kukikadiria kabla hujaanza. Kipimo chenyewe ni mraba wa uzito wa mesoni gawanya kwa mraba wa takriban MeV 1,160. Kwa pioni unapata kama asilimia 1.5. Kwa kaoni 18. Kwa eta 22. Yaani hata kabla ya data, nadharia imeshakwambia pioni niamini, kaoni niangalie, eta kaa macho.

Ona inavyofanya kazi. Fungu la kwanza lina namba kuu moja, inaandikwa fπ, kama MeV 92, na inapatikana kwa kuangalia pioni yenye chaji inavyooza kuwa muoni (ndugu mzito wa elektroni) na nyutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji), jambo linalotokea kwa wastani ndani ya nanosekunde 26. Namba hiyo hiyo, bila kuigusa, inakwambia pioni mbili zinagongana kwa nguvu gani. Weinberg alikokotoa 1966 akapata 0.16 kwa kipimo ambacho wanafizikia wanautumia kwa nguvu ya mgongano huo (hesabu ambayo mwanafunzi wa uzamili pale taasisi ya fizikia ya EAIFR Kigali anaweza kuifanya kwa karatasi, haihitaji mashine yoyote). Ukiongeza fungu la pili inakuwa 0.20. Ukienda la tatu na kuunganisha na milinganyo ya Roy (inayobana mgongano wa pioni kwa kanuni za jumla tu, bila modeli), Colangelo, Gasser na Leutwyler walitangaza 0.220, na kosa la 0.005, mwaka 2001. Jaribio la NA48/2 la CERN, maabara ya chembe ya Geneva, halikuwa limekusanya data bado. Lilipokusanya, zaidi ya kaoni milioni 1 zilizooza kuwa pioni mbili, elektroni na nyutrino, jibu likaja 0.22. Hii ndo maana yangu ninaposema modeli inayojua makosa yake, walisema namba, wakasema kosa, wakasubiri.

Ila nisiifanye ChPT kuwa dini. Fungu la pili lina parameta 10 ukihesabu pamoja na kwaki ya s, na la tatu lina kama 90, na hapo hakuna data ya kutosha duniani kuzipanga zote, kwa hiyo nayo ikifika huko inaanza kuazima picha. Mwaka 1989 Ecker, Gasser, Pich na de Rafael walionyesha kwamba zile namba za fungu la pili nyingi unazipata ukichukulia kuwa ni kivuli cha ro na wenzake, yaani Sakurai amerudi kupitia mlango wa nyuma. Kwa hiyo makundi haya mawili sio maadui, picha inafaa sana ikiwa ndani ya hesabu inayojua ngazi zake.

Sasa mtihani wenyewe mgumu, na kwangu ndo kisa kitamu kuliko vyote hapa: eta kuoza kuwa pioni tatu. Eta ina MeV 547.9, pioni tatu zinaingia kwa raha. Lakini kama u na d zingekuwa na uzito sawa, na umeme ukiuweka pembeni, mchakato huu usingetokea kabisa, simetria kati ya u na d inauzuia. Mtu angesema basi ni umeme ndo unaouruhusu, ila Sutherland alionyesha miaka ya 1960 kwamba mchango wa umeme ni mdogo mno. Maana yake kila eta inapotoa pioni tatu tunaangalia moja kwa moja tofauti ya uzito kati ya kwaki d na kwaki u. Na tofauti hiyo sio kitu cha pembeni, ndo inayofanya nyutroni iwe nzito kuliko protoni kwa MeV 1.29 pamoja na umeme kuvuta upande wa pili, ingekuwa kinyume protoni ingekuwa ndo inayooza na haidrojeni tunayoijua isingedumu.

Haya, kokotoa. Fungu la kwanza linakupa upana wa kama elektronivolti 66 (MeV moja ni elektronivolti milioni moja) kwa pioni ya chanya, ya hasi na isiyo na chaji. Fungu la pili, Gasser na Leutwyler 1985, linakupa 160 na kosa la 50. Kipimo kinasema karibu 300. Yaani fungu la pili limeongeza zaidi ya mara mbili, na bado umefika nusu ya njia tu! Tena kwenye kuoza kuwa pioni tatu zisizo na chaji, kuna namba moja inayoelezea umbo la mgawanyo wa nishati, hesabu ya fungu la pili ilitoa alama ya chanya, vipimo kuanzia maabara ya Mainz Ujerumani mpaka ya Frascati Italia vikatoa hasi, karibu −0.03. Alama yenyewe imegeuka.

Mtu wa haraka atasema nadharia imekufa. Mimi nasoma tofauti. ChPT ilishasema mwanzoni kwamba kwa eta kaa macho, na kosa lilipotokea lilitokea mahali panapojulikana: pioni mbili zikitoka zinagongana tena kabla ya kuachana, na mgongano huo ukiwa kwenye hali isiyo na mzunguko una nguvu sana, unajumlishwa kila hatua na fungu moja haliumalizi. Basi dawa ikatafutwa hapo hapo. Unaacha kukokotoa mgongano fungu kwa fungu, unaujumlisha wote kwa milinganyo ya mtawanyo inayotegemea sababu na matokeo pamoja na uhifadhi wa uwezekano tu, unaiachia ChPT kazi moja ya kukupa sehemu ya kuanzia kule kwenye nishati ndogo ambako inaaminika. Ukifanya hivyo alama inakuwa hasi kama inavyotakiwa, na umbo linapatana na data za jaribio la KLOE la Frascati, eta zaidi ya milioni 4 za njia ya chaji zilizochapishwa 2016. Uwiano wa uzito wa kwaki unaotoka humo unakaa karibu na ule wa kompyuta za gridi, na kwaki u inabaki na uzito usio sifuri, jambo ambalo linafunga mlango kwa wale waliotaka u isiyo na uzito ili kueleza kwa nini kani kali haipendelei mata kuliko antimata. Sasa niambie, modeli iliyopangwa tu ili ipate 300 ingetufundisha nini hapo? Ingepata 300, tungepiga makofi, kule kugongana upya kusingeonekana.

Kisa cha sigma kinaenda hivyo hivyo. Hii chembe, leo inaitwa f0(500), iliwahi kutolewa kwenye jedwali rasmi la chembe miaka ya 1970 ikarudishwa 1996, maana ni pana kiasi kwamba kwenye data haionyeshi kilima, kila modeli ilikuwa na sigma yake, mmoja anasema MeV 400, mwingine 1,200, na wote wanalingana na data. Walioleta utulivu ni Caprini, Colangelo na Leutwyler mwaka 2006, kwa milinganyo ya Roy ile ile na ChPT kama nanga, wakapata MeV 441 na nusu upana wa 272, na makosa madogo yaliyoelezwa yanatoka wapi. Mwaka 2012 jedwali likabadilisha jina na kupunguza masafa ya uzito wake. Kama ni kwaki mbili au nne, wazo ambalo Jaffe alilitoa 1977 na ambalo linaeleza vizuri kwa nini a0(980) na f0(980) zina uzito karibu sawa, huo mjadala bado una moto, ila angalau sasa watu wanabishana kuhusu kitu kimoja.

Na anayedhani haya ni ya wazee wa miaka ya sitini aangalie muoni. Fermilab, maabara ya Marekani, walitoa matokeo yao ya mwisho ya usumaku wa muoni Juni 2025, kwa usahihi wa sehemu 127 kwa bilioni, na upande wa nadharia sehemu inayoleta wasiwasi mkubwa ni mchango wa mesoni, ambao karibu robo tatu yake ni elektroni na pozitroni kugeuka kuwa pioni mbili, kilima cha ro kile kile cha Sakurai. Mwaka 2023 jaribio la CMD-3 la Novosibirsk, Urusi, walipima kilima hicho wakapata kikubwa kuliko majaribio ya awali ya KLOE na BaBar, kwa tofauti ambayo makosa yaliyotangazwa hayaielezi. Kundi la wananadharia kwenye ripoti yao ya 2025 wakaamua kwa sasa kutegemea kompyuta za gridi, na pengo kati ya nadharia na kipimo likatoweka. Masharti ya uhifadhi wa uwezekano na ya sababu na matokeo yanabana sana umbo la kilima hicho, lakini peke yake hayajaweza kusema nani kati ya wapimaji kakosea, kwa sababu tofauti iko zaidi kwenye kimo kuliko kwenye umbo. Kwa hiyo mtu akileta modeli ya ro inayochagua upande mmoja, swali la kwanza kumuuliza ni parameta zake zimepangwa kwa data ya nani, na la pili ni kosa lake kwenye MeV 775 ni asilimia ngapi, maana pale tunagombania chache sana.